Kwangu Inacheza

Wako waliopewa jina na wazazi, wako waliopewa na majirani, na yuko mmoja aliyejipa mwenyewe. Alijiita Injinia. Hakuna shule iliyomwita hivyo, wala hakuna daraja, bomba au paa popote duniani linaloweza kusimama likasema limetoka mikononi mwake. Aliamka tu asubuhi moja, akachukua kopo la rangi nyekundu, akaandika juu ya mlango wa chumba alichopanga: INJINIA WA DVD. TUNANAKILI, TUNASAFISHA, TUNAFUFUA. Rangi ikamwishia kwenye neno la mwisho, kwa hiyo huko kufufua kukawa kumepauka kama maiti yenyewe.

Dada yake, kifungua mimba wa nyumba yao, alisimama ng'ambo ya barabara na kikapu cha mikate kichwani, akayasoma maandishi yote mpaka mwisho. Alitema mate pembeni, akaendelea na safari yake.

Dada huyu mtaa mzima ulimwita Mama Mikate. Alioka tangu ujana wake katika tanuri la matofali alilolijenga kwa mikono yake nyuma ya nyumba, na aliamini kwamba mtu hujulikana kwa kile anachokitoa asubuhi kikiwa moto, watu wakakinunua bila kubembelezwa. Kwa kipimo hicho mdogo wake hakuwa mtu. Alikuwa uvumi tu.

Na wala hakumwonea. Alimjua tangu yuko mgongoni, maana mgongo wenyewe ulikuwa wake. Injinia alikuwa kitinda mimba, na mama yao alimlea kama yai. Wenzake wakitumwa kuni, yeye ana kifua. Wenzake wakienda kuchota maji, yeye ana kifua. Kifua hicho hakikumzuia kupiga mbinja kutwa nzima mpaka jirani akatishia kuhama. Alipokuwa kijana alijitia ufundi baiskeli. Alifungua tatu, zikarudi mbili na makapi. Akahamia kwenye saa za ukutani, na kwa muda mrefu kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na saa yake na wakati wake. Kisha akaingia kwenye redio.

Hapo kwenye redio ndipo dada mtu aliposhindwa kusamehe. Mama yao alikuwa na redio ya mbao, yenye kitambaa cha rangi ya chai mbele, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ilikuwa na kikohozi kidogo tu asubuhi, kabla haijapata moto. Injinia akasema ataitibu. Redio ikaenda ikikohoa, ikarudi ndani ya beseni la kufulia, vipande juu ya vipande, na skrubu zimefungwa kwenye kitambaa kama karanga. Mama akacheka. Kweli alicheka, akasema, "Angalau mwanangu ameona kilichomo ndani." Dada mtu hakucheka. Alisema mbele ya watu kwamba mguu wake hautakanyaga tena mahali popote ambapo mdogo wake anafanyia kazi, iwe kibanda, iwe ghorofa. Na yeye si mtu wa kusema jambo asubuhi akalila jioni.

Kwa hiyo kile chumba cha DVD alikijua kwa kukitazama kutoka ng'ambo tu. Kilikuwa chembamba kama koo, kimebanwa kati ya fundi viatu na duka la sabuni. Kutani kulibandikwa picha za filamu, jua limezifubaza mpaka wauaji na wapenzi wote wamekuwa rangi moja ya buluu. Kompyuta yenyewe ilivuliwa ubavu mmoja, matumbo yako nje, na feni ya mezani imeelekezwa humo ndani kwa sababu, kama mwenyewe alivyowaambia wateja, "Mashine yangu inafikiri sana, inapata joto." Mwenye mashine alivaa koti jeupe, la daktari. Alilipata kwenye nguo za mitumba, na juu ya mfuko lilikuwa limetariziwa jina la mtu mwingine.

Kazi yake ya kila siku, ukiiondolea mbwembwe, ilikuwa ya kuingiza na kutoa. Sahani ya DVD ya mteja tundu la juu, sahani tupu tundu la chini, bonyeza, subiri, toa. Hata kuku angefundishwa. Lakini Injinia alikuwa amesikia habari za kitu kingine, nacho alikipenda kuliko mke wake: sura ya sahani. Kompyuta huisoma DVD yote, mwanzo mpaka mwisho, picha na sauti na kila kilichomo, ikaikunja kuwa faili moja nono. Faili likishakaa ndani ya kompyuta, sahani hata ikivunjika hakuna neno. Unalifungua lile faili, kompyuta inadanganyika kwamba imelishwa sahani ya kweli, na filamu inacheza. Injinia aliwaeleza watu habari hizo kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba, kama mtu anayesimulia alivyoumba ulimwengu. Alijua kulieleza jambo hilo muda mrefu kabla hajajua kulifanya. Na hilo, kwa anayemjua, ndilo lilikuwa historia ya maisha yake yote.

Sasa, mama yao alifariki mwaka uliofuata harusi ya mjukuu wake, binti wa Mama Mikate. Picha yake iliwekwa ukutani, juu ya meza ya kukandia, na uso haukumsumbua mtu, uso ulikuwepo. Sauti ndiyo iliyokuwa ikimtoroka Mama Mikate. Alfajiri akikanda unga alijaribu kumsikia mama akimwita kutoka uani kama zamani, na kilichokuja kilikuwa maneno matupu, kama yaliyoandikwa kwenye ukuta. Akaogopa. Yeye anayekumbuka rangi ya mlango wa nyumba waliyohama akiwa hajaota meno ya pili, yeye anayekumbuka nani alikula nini kwenye msiba wa nani, leo asahau sauti ya mama yake!

Sauti hiyo ilibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye DVD ya harusi. Humo mama ameketi kwenye kiti cha mbao, anaombwa amuage bibi harusi, anasimama na kusema. Mama Mikate aliicheza sehemu ile mpaka sahani ikachoka. Ilianza kwa kusitasita. Kisha ikawa inakwama pale pale: mama anainuka, kinywa kinafunguka, na picha inakatika vigae vya kijani na waridi, deki, ile mashine bapa inayokaa chini ya televisheni, inakoroma, halafu inaruka mpaka kule wageni wanakokula. Kila siku mama aliinuka. Kila siku vigae vilimmeza kabla hajasema neno.

Wifi yake, mke wa Injinia, alipita kununua mkate akayaona hayo. Wifi huyu aliolewa mama mkwe keshazikwa, hakuwahi kumwona wala kumsikia.

"Wifi, si umpe mdogo wako?"

"Nimpe nini?"

"Hiyo DVD. Si ndiyo kazi yake."

"Mdogo wangu ana koti, wifi. Kazi bado sijaiona."

"Mikwaruzo huitoa, jamani. Juzi kamfufulia jirani sahani ya mahafali."

"Na redio ya mama kaifufua lini?"

Wifi akaangalia mkate wake. Habari za beseni alizikuta siku ya kwanza tu alipoingia kwenye ukoo ule.

Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Mama Mikate aliitoa sahani, akaifunga kwenye kitambaa safi cha kufunikia unga, akamkabidhi. "Mwambie sikumpa yeye," akasema. "Nimekupa wewe. Ikiharibika nitakudai wewe, na yeye nitamdai mbele ya Mungu."

Alichokifanya Injinia humo chumbani kilijulikana kwa kinywa cha fundi viatu, ambaye ukuta wake na wa Injinia ulikuwa ubao mmoja. Aliipaka sahani dawa ya meno akaisugua kwa kitambaa, huku akijisemea kama anaongoza upasuaji. Kompyuta ikahangaika nayo, ikalalamika, mwisho ikaisoma yote, na sura ya sahani ikapatikana nzima, sauti ya mama imo. Hapo mtu mwenye akili angeosha mikono akaenda kwake. Injinia hakuwahi kujua kuliacha jambo likiwa jema. Akaisugua tena ile ya asili, eti irudi kwa dada inang'aa. Akasugua, akasugua. Kisha akachoma sahani mpya, ndivyo mafundi wanavyoita kuiandika, moja kwa kila nyumba ya ukoo, na kila moja akaitilia jalada. Kwenye jalada mama yao alikuwa kwenye pembe, mdogo kama stempu. Katikati alikuwa Injinia na koti lake, na namba yake ya simu.

Jumapili moja ukoo ukakutana nyumbani kwa Mama Mikate. Injinia akagawa sahani kama mtu anayegawa urithi. Alikuja na mkewe, na alikuja na koti. Kaka yao wa kati, dereva wa lori, mtu mnene asiyeweza kunyamaza, ndiye aliyetia sahani ya kwanza kwenye deki. Wote wakajikalia vizuri. Mama Mikate alikaa mbele kabisa, mikono magotini, amevaa kitambaa kipya kichwani, kama anayesubiri mgeni ashuke.

Deki ikameza, ikazungusha, ikafikiri. Kisha ikaandika kwamba hakuna sahani.

"Hakuna sahani," dereva akasoma. "Na mimi nimeiona ikiingia kwa macho yangu mawili. Injinia, umechoma sahani ya kiroho nini?"

"Itoe, uifute, uirudishe."

Ikatolewa, ikafutwa, ikarudishwa. Hakuna sahani. Ikatiwa ya pili, ya tatu. Hakuna sahani. Deki ya jirani ikaazimwa, ikaletwa na nyaya zake zikiburuta. Nayo ikasema yaleyale, tena upesi zaidi.

"Deki zenu za zamani," Injinia akasema. Jasho lilianza kumtoka chini ya koti. "Kwangu inacheza."

"Kwako!" alisema dereva.

"Nimejaribu moja moja. Zote. Kwangu inacheza. Labda umeme wa huku mdogo."

"Umeme ungekuwa mdogo hata televisheni isingewaka, baba. Mbona nakuona unavyotoa jasho kwa mwanga wake?"

Watu wakacheka. Mama Mikate hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, polepole. "Ile ya asili iko wapi?"

Injinia akaitoa mfukoni. Dada mtu akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akautafuta uso wake ndani yake jinsi mtu anavyoweza kujitazama kwenye sahani, akaona ukungu. Ilikuwa imesuguliwa mpaka imekuwa kama kioo cha bafuni. Akaitia kwenye deki. Safari hii hata wale wageni wanaokula hawakutokea. Bibi harusi hakutokea. Mama hakuinuka hata kidogo.

"Mama tulishamzika," alisema. "Wewe umerudi kumzika tena, peke yako, kwa dawa ya meno."

"Dada, nisikilize. Yumo kwenye hizi nilizowapa. Nakuapia, kwangu..."

"Malizia. Hebu limalizie hilo neno, uone."

Mama Mikate aliingia jikoni akatoka na mkasi mkubwa wa kukatia mifuko ya unga, akaikata nakala yake katikati mbele ya ukoo wote, jalada na yote; mkasi ukapita pale pale kwenye shingo ya Injinia. Kisha akawaambia watu chakula kiko tayari.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Zile sahani nyingine zilikwenda zilikokwenda. Dereva aliitundika ya kwake kwenye kioo cha lori kwa urembo, jua likaila. Nyingine zikawekwa chini ya sufuria za moto, na watoto wakazigeuza magurudumu. Ukoo mzima ulikuwa na mama yao nyumbani, na kila mmoja alimfanyia analojua.

Na Injinia? Aliendelea kukaa chumbani mwake. Simu za mkononi zikaja na filamu ndani yake, watu wakaacha kununua sahani, kisha wakaacha kuzinakili, kisha wakasahau ziliitwaje. Yeye alikaa na koti. Akajaribu kuchaji simu za watu, akaunguza. Akajaribu picha ndogo za vitambulisho, akawa anakata watu vipaji vya uso. Nyumba ililishwa na vidole vya mkewe, aliyekuwa akisuka nywele barazani kuanzia asubuhi, huku bwana mkubwa akienda "kazini" na funguo zikimning'inia kiunoni. Mama Mikate alimwona akipita kila siku, akageuza uso kwenye tanuri. Alisema moshi wa kuni ni afadhali, machozi yake yana sababu.

Asubuhi moja wifi akaja mbio, chanuo bado limechomekwa nyweleni.

"Wifi, anauza kompyuta. Mnunuzi anakuja sasa hivi, mtu wa kuchapisha. Kasema ataifuta yote, aanze upya."

"Aifute. Na mwenyewe amfute."

"Wifi, mama yumo mle."

Mama Mikate alikuwa ameshika donge la unga. "Yumo wapi?"

"Kwenye kompyuta. Mimi humsikia. Nikimpelekea mume wangu chakula cha mchana namkuta amerudisha mlango nusu, feni inavuma, na mama anaongea. Akiniona, anazima haraka."

"Mke na mume, mmetoka kwenye tanuri moja. Amekutuma."

"Hajanituma, wallahi. Angejua nimekuja angenila mzima. Anasema..." Wifi akasimama wima, akajikohoza, akabadilisha sauti. "'Haya, nisikilizeni kwa masikio yote mawiili. Moja halitoshi.'"

Donge la unga likaanguka mezani. Maneno hayo mama aliyasema maisha yake yote kila alipotaka kuwagawia kazi, na ile "mawili" aliivuta hivyo hivyo, ikapanda kisha ikaporomoka, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuivuta vile. Mwanamke huyu hakuwahi kumsikia mama akiwa hai. Asingeweza kuitunga.

"Kaa kwenye tanuri," Mama Mikate alisema, akajipangusa mikono kwenye nguo. "Mikate ikiungua nitakuoka wewe."

Alivuka barabara na unga mpaka kwenye viwiko. Mnunuzi alikuwa amekwishafika, kijana mmoja mwenye haraka, anazungusha waya mkononi. Injinia aliinua macho akamwona dada yake amesimama nje, hatua moja kabla ya kizingiti, kama ng'ombe aliyefika kwenye daraja.

"Dada! Karibu."

"Sikuja kukaribishwa. Geuza hicho kioo kitazame huku nje."

Injinia akakivuta kioo cha kompyuta. Kikagoma. "Waya haufiki."

"Vuta meza."

"Meza nimeipigilia ukutani."

"Nani mwenye akili anapigilia meza ukutani?"

"Ilikuwa inayumba, dada. Nilikata mguu mmoja mfupi."

Fundi viatu akaweka nyundo chini. Kazi haikuwa na maana tena. "Mama Mikate, utaingia, au tubomoe upande mmoja wa nyumba?"

"Wewe shona viatu. Na hivyo vya juzi vimeshaachama."

"Mama, samahani," akasema mnunuzi, "mimi nina haraka. Nifute au nisifute?"

Akaingia. Hakujitafutia kisingizio, visingizio alimwachia mwenye chumba. Akaketi kwenye stuli moja iliyokuwepo, akajishikilia magoti, akasema, "Haya. Nionyeshe uongo wako."

Injinia akabonyeza mara mbili. Kompyuta ikajiona imelishwa sahani, na harusi ikaanza. Wageni wakaingia. Bibi harusi akaingia. Mama akainuka kutoka kwenye kile kiti cha mbao, kinywa kikafunguka, na vigae havikuja. Alitazama pembeni, akakunja uso.

"Wewe, ondoa hiyo taa usoni mwangu," mama alisema. "Mimi ni mama yako, si kuku wa kubanikwa."

Sauti ya kijana ikatoka nyuma ya picha. "Mama, bila taa hutaonekana."

"Nimeonekana miaka yote hii bila wewe. Taa tu kuishika, mikono inatetemeka kama ya mwizi! Nenda kasimame nyuma ya dada yako. Huyo angalau kusimama anajua."

Wageni wa harusi wakaangua kicheko. Mama akajikohoza, akatengeneza nguo yake, akasema haya, nisikilizeni kwa masikio yote mawili, moja halitoshi. Ndipo akaanza kumuaga bibi harusi.

Mama Mikate hakutikisika. Habari ya taa, kwa miaka yote ile sahani isicheze, alikuwa ameisahau kabisa. Kichwani mwake mama alikuwa amekuwa mpole, sauti ya maziwa. Sauti hii haikuwa ya maziwa hata kidogo. Ilikuwa kavu, inakwaruza, kama kisu kinachokwangua mkate ulioungua. Fundi viatu, aliyekuwa amechungulia mlangoni, alimtazama mama wa kwenye kioo, akamtazama wa kwenye stuli, akarudi kwenye nyundo yake.

Injinia alikuwa ameinamisha kichwa. Katika filamu nzima ya harusi, alichokuwa akikisikiliza mchana kutwa nyuma ya mlango ulioegeshwa kilikuwa hicho: kutukanwa.

"Sasa kitu hiki kwa nini hukuwapa watu?" mnunuzi akauliza.

"Nimewapa! Nyumba zote! Deki zao zikakataa. Kwangu inacheza." Akachomoa sahani moja iliyobaki kwenye rafu, akaitia, akabonyeza, na mama akainuka tena. "Unaona?"

Mnunuzi akasogea, akaangalia kilichomo ndani ya sahani ile, akamwangalia Injinia, akaliangalia na koti.

"Bwana wewe. Umelichukua faili zima ukalibwaga kwenye sahani kama lilivyo. Kompyuta inajua kulifungua. Deki haijui. Deki inataka harusi, wewe umeipa mzigo uliofungwa. Kuna mahali pa kubonyeza hapa, pameandikwa kabisa: choma sura. Ikichomwa hivyo ndiyo inakuwa DVD."

"Ngoja," alisema Mama Mikate. "Yaani alitupa kila mmoja wetu bati limefunikwa, mkate umo ndani, akatuambia tuleni."

"Ndivyo, mama."

"Na sisi tukatupa mabati."

"Ndivyo."

Uso wa Injinia ukachanua taratibu, kama wa mtu aliyetolewa mahabusu. "Si nilisema yumo? Nilisema! Mbele ya ukoo wote nilisema!"

"Ulisema," alijibu dada yake. "Hata mlevi hufika kwao. Bonyeza hapo ulipoambiwa."

Akabonyeza. Feni ikavuma, matumbo ya kompyuta yakanguruma, na baada ya muda sahani ikatoka, ina joto. Injinia akataka kuirudisha tundu lilelile aijaribu. Dada mtu akampiga kofi mkononi.

"Si hapa. Hapa hata jiwe linacheza. Twende kwa mwenye sabuni."

Mwenye duka la sabuni alikuwa na televisheni ndogo na deki kongwe juu ya makasha. Ikatiwa sahani. Deki ikazungusha, ikafikiri, na watu watatu wakasimama kati ya makasha ya sabuni. Harusi ikaanza. Mama akainuka. Mama akasema. Mwenye sabuni, aliyekuwa anapima, alisimamisha mkono akauliza, "Huyu bibi mkali nani?"

"Mama yangu," walijibu ndugu wawili kwa pamoja, na wote wawili wakachukia kujibu kwa pamoja.

Mama Mikate akaitoa sahani, akaifunga kwenye upande safi wa nguo yake. Wakarudi chumbani. Mnunuzi akaketi mbele ya kompyuta, akanyoosha vidole.

"Sasa, mama, nifute?"

Angeweza kusema ndiyo. Sahani alikuwa nayo, mikate ilikuwa motoni na mlinzi wake ni msusi. Akavuta ile stuli, akaketi tena.

"Bado," alisema. Akamgeukia mdogo wake. "Rudisha."

"Kwenye kumuaga bibi harusi?"

"Kwenye taa. Pale anapokutukana."

"Hapo si umeshapasikia, dada?"

"Wewe umepasikia miaka yote hii peke yako, na mlango umeufunga. Mchoyo mkubwa. Rudisha."

Akarudisha.